Visiwa vya Cyclades bila wakala: Naxos wiki nzima, Santorini usiku mmoja

Tathmini hii inahusu safari ya siku 11 niliyoifanya mwenyewe, bila wakala na bila kundi la watalii, katika visiwa vitatu vya Ugiriki vilivyomo katika funguvisiwa la Cyclades, yaani Naxos, Delos na Santorini, mwezi wa Septemba 2025. Nililipia kila kitu kwa fedha zangu, kwa hiyo sina wa kumfurahisha. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipoteze muda: anayejipangia safari mwenyewe hufaidi zaidi akiweka makazi katika kisiwa kimoja chenye mashamba na vijiji, kisha akatoka na kurudi, kuliko akihamahama kila siku mbili na begi mgongoni kufuata picha alizoziona kwenye simu. Mimi niligundua hilo nikiwa nimekwisha kulipia usiku tatu mahali palipostahili mmoja.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuichagua Ugiriki. Babu yangu alikata mkonge karibu na Korogwe katika shamba la Mgiriki, mmoja wa walowezi wengi wa Kigiriki waliolima mkonge Tanganyika kabla ya mashamba hayo kuanza kutaifishwa mwaka 1967, na kati ya yote aliyotusimulia kuhusu bwana yule, lililomshangaza zaidi ni kwamba tajiri mwenye gari alikuwa akila majani ya porini yaliyochemshwa tu, bila nazi, bila karanga, akayamwagia mafuta na kuyakamulia ndimu. Nilitaka kuyaona majani hayo kwao.

Kuhusu maandalizi sitasema mengi. Mtanzania anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000. Kikwazo kwa msafiri wa aina yangu ni kwamba maombi hudai uthibitisho wa malazi ya kila usiku, ilhali raha ya kujipangia ni kuweza kubadili nia njiani. Nilichofanya ni kuchagua nyumba za wageni zinazoruhusu kusogeza tarehe bila faini, na baadaye upepo ulinionyesha kwamba nilifanya vyema.

Safari yenyewe huanzia Piraeus, bandari ya Athens, ambako treni ya metro hufika moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege kwa muda wa saa moja hivi. Bandari ni kubwa mno na mageti yake yameandikwa herufi E na namba. Meli za Cyclades huondokea zaidi geti la E6 na E7, na anayeshuka upande usio wake hutembea hadi soli zikalalamika. Aliyezoea kuvuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja ataukuta uamuzi uleule wa kuchagua kati ya boti ya mwendo kasi na meli kubwa ya polepole. Nilichagua meli kubwa, na ningeichagua tena. Boti ya kasi hufika Naxos kwa saa tatu na nusu hivi, lakini abiria hukaa ndani ya vioo kama samaki wa maonyesho. Meli kubwa huchukua saa tano na ushei, nauli yake ni ndogo, na sitaha yake iko wazi, kwa hiyo niliviona visiwa vikitokea kimoja baada ya kingine, vikavu, rangi ya ngozi ya simba, kila kimoja na kanisa jeupe kwenye kilele kama pamba iliyonasa kwenye mwiba.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi. Mizigo huachwa chini, kwenye rafu zilizoandikwa majina ya visiwa, na hakuna anayeilinda. Nilikuwa na wasiwasi nalo begi langu mpaka nikaona bibi mmoja akiacha pale kikapu cha mayai. Kisiwa kinapokaribia hutolewa tangazo, wanaoshuka huteremka hadi ghala la magari, na huko, kati ya malori ya mboga na pikipiki, husubiri mlango wa nyuma. Mlango ule huanza kuteremka meli ikiwa bado inarudi nyuma: mwanga huingia kama uzi mwembamba juu, kisha hupanuka, minyororo hulia, povu la bahari huonekana chini ya miguu, na chuma hakijatulia sawasawa juu ya gati mabaharia wameshapiga filimbi na watu wameshaanza kumiminika. Kituo cha kwanza kilikuwa Paros, na hatukukaa hata robo saa. Usafiri ule ni huduma ya umma hasa, na hilo linaonekana: mwanajeshi anarudi likizo, mwanafunzi amelala juu ya begi, kasisi wa Kiorthodoksi anakunywa kahawa baridi kwa mrija.

Naxos ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Cyclades, na kitu cha kwanza kumpokea mgeni, kabla hata meli haijafunga kamba, ni mlango usio na nyumba. Wenyeji huuita Portara. Ni miimo miwili ya marumaru na kizingiti cha juu, urefu wa mita sita hivi, iliyosimama peke yake kwenye kisiwa kidogo kilichounganishwa na mji kwa njia ya mawe. Hekalu ambalo mlango huo ulikuwa wake lilianzwa karibu mwaka 530 kabla ya Kristo, enzi za mtawala Lygdamis, halikukamilishwa kamwe, na karne nyingi baadaye Waveneti, yaani watu wa Venice ya Italia, walipokiteka kisiwa, baada ya Marco Sanudo kuanzisha utawala wake huko mwaka 1207, mawe mengi ya hekalu yalibebwa kwenda kujengea ngome yao juu ya mji. Mlango ulibaki kwa sababu, inavyoelekea, ulikuwa mzito kupita faida yake. Hakuna kiingilio, hakuna uzio, na jua linapotua watu hukaa pale na chupa za maji na watoto wao. Tofauti na Santorini, ambako nitafika, hapa hakuna anayekusukuma.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane nyuma ya ngome hiyo, katika vichochoro vyembamba vinavyopinda na kupita chini ya vyumba vya watu, ambavyo mtu wa Mji Mkongwe au Lamu hatahitaji kueleweshwa. Mama mwenye nyumba aliniletea zabibu na mtindi usiku wa kwanza bila kuombwa, na kila asubuhi aliniuliza nimekula nini jana, kisha akatoa hukumu. Chumba kilikuwa kisafi, maji ya moto yalitosha, ila kitanda kilikuwa kimewekwa juu ya jukwaa la saruji na godoro lake lilikuwa jembamba; mwenye mgongo mbovu aulize kwanza.

Kutoka hapo nilitumia mabasi ya umma, ambayo huondokea mbele ya bandari na ambayo tiketi zake hununuliwa kabla ya kupanda. Ratiba zake zinafuatwa lakini safari za mbali ni chache kwa siku, kwa hiyo ukikosa basi la mwisho kutoka kijiji cha milimani umelala huko. Safari niliyoipenda kuliko zote ilinipeleka Apollonas, pwani ya kaskazini, kwa barabara inayozunguka milima mpaka abiria wa mbele yangu akaomba mfuko wa plastiki. Juu kidogo ya kijiji, ndani ya machimbo ya kale ya marumaru, amelala chali mtu wa jiwe mwenye urefu wa zaidi ya mita kumi. Mafundi walianza kumchonga karne ya sita kabla ya Kristo papo hapo mlimani, wakampa kichwa, ndevu, mikono iliyoanza kuchomoza na miguu, kisha wakamwacha. Nilipima kwa hatua: kutoka unyayo hadi kichwa hatua zangu zilikuwa kumi na tano. Ukiinama karibu naye utaona alama za patasi, vishimo vidogo mfululizo kama vya mtama uliomwagika, na ukiweka kidole ndani ya kimoja kinaingia sawasawa. Makumbusho mazuri nimeyaona mengi; kazi iliyokatizwa na kuachwa mahali pake kwa miaka 2,500, mvua inainyeshea na mjusi anaipita tumboni, nimeiona mara hiyo moja.

Sasa chakula, ambacho ndicho kilichonifanya nisogeze tarehe. Naxos inalima na kufuga, na hilo hulioni popote kama mezani. Viazi vyake vina sifa Ugiriki nzima, na vikikaangwa kwa mafuta ya zeituni huja na rangi ya dhahabu nzito na harufu ambayo chipsi za mafuta ya kawaida hazina. Jibini lake la graviera, la maziwa ya ng'ombe hasa, ni gumu kiasi na lina utamu wa mbali. Lipo pia liitwalo arseniko, la kondoo na mbuzi, kali, ambalo mama mwenye nyumba alinionya nisile usiku. Saladi ya kijijini, horiatiki, haina majani kabisa: ni nyanya, matango, vitunguu, pilipili hoho, zeituni na kipande kizima cha jibini juu, pamoja na majani makavu ya oregano, na sahani moja inawatosha wawili ingawa mhudumu hatakwambia.

Majani ya bwana wa babu niliyapata siku ya tatu. Yanaitwa horta, na katika mgahawa mmoja wa kijiji cha Halki yaliletwa vuguvugu kwenye sahani ya bapa, yamelala kama nywele zilizolowa, na nusu ya limau pembeni. Nilipotia tonge la kwanza nilicheka peke yangu: ni mchunga. Si mmea uleule, lakini uchungu ni uleule, ule unaoanza nyuma ya ulimi na kupooza kinywa kabla ya kuondoka, na limau linaufanya usikike zaidi badala ya kuuficha. Nilimaliza sahani, nikaagiza nyingine. Babu alikosea katika jambo moja tu, kwani yale si chakula cha kukosa. Kwenye orodha ya vyakula bei yake haikuwa mbali na ya saladi.

Kwa Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, ni vizuri kujua kwamba gyros na souvlaki zinazouzwa mitaani kwa kawaida ni za nguruwe isipokuwa ukitaja kuku, kotopoulo. Neno la kuepuka ni hirino. Mimi nilijikinga kwa bahari. Pweza huanikwa kwenye kamba juani mbele ya migahawa ya bandarini, mikia chini kama soksi, kisha huchomwa kwa mkaa na kutiwa siki. Huko nako hupigwapigwa kwanza ili alainike, kama afanyavyo mvuvi wa kwetu. Kwa kuwa Waorthodoksi wanapofunga huacha nyama na samaki lakini huruhusiwa pweza, ngisi na kamba, wapishi wao wana mazoea ya muda mrefu nao, na sijawahi kula pweza laini kuliko huyo, ingawa supu ya pweza wa jioni barabarani Tanga bado ina pilipili ambayo wao hawaijui.

Lipo na lingine lililonisimamisha njiani. Jioni moja nilipita dirisha la duka la vitamu na kumwona kijana amechota unga mwepesi ulioumuka kwa mkono wa kushoto, anafinya ngumi mpaka kidonge kinachomoza juu kati ya kidole gumba na cha shahada, anakikata kwa kijiko kilicholowa, anakitosa kwenye mafuta. Kaimati! Wao huziita loukoumades, na majina yote mawili yanatokana na luqma ya Kiarabu, tonge. Kwao neno lilipita kwa Waturuki, kwetu lilikuja kwa njia ya bahari. Zao ni kubwa zaidi na humwagiwa asali na mdalasini badala ya kuzamishwa kwenye shira yenye iliki. Asali yao nzuri, nakiri. Ila kaimati isiyo na ganda la sukari linalovunjika kwa jino imepungukiwa na kitu.

Malalamiko ya mezani ninayo mawili. Mkate huletwa bila kuagizwa na huingizwa kwenye bili, kiasi kidogo lakini ni vyema mgeni akajua. La pili lilinigharimu: katika mgahawa mmoja wa bandarini nilichagua samaki kwa kumwonyesha kidole bila kuuliza uzito, na kwa kuwa samaki wabichi huuzwa kwa kilo, bili ilipokuja ilizidi chakula changu cha siku mbili. Samaki apimwe mbele yako kabla hajaenda motoni. Sheria inamlinda mlaji kwa upande mwingine, kwani kila mgahawa umebandika tangazo kwamba asiyepewa risiti halazimiki kulipa, na mara zote risiti ililetwa ndani ya kikombe kidogo pamoja na chakula cha kwanza.

Kutoka Naxos kuna boti za safari ya siku zinazopita Delos na Mykonos. Mykonos naipita haraka: ni nzuri, imepakwa chokaa vizuri, na kila kitu kina bei ya harusi. Delos ni habari nyingine kabisa. Ni kisiwa kidogo, hakuna hoteli, mgeni haruhusiwi kulala, na tangu mwaka 1990 kiko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wagiriki wa kale waliamini mungu Apollo alizaliwa pale, mama yake akiwa ameshikilia mtende. Waathene waliamuru makaburi yote yahamishwe na kwamba asizaliwe wala asife mtu kisiwani humo, hivyo wajawazito na wagonjwa mahututi walivushwa kwenda kisiwa cha jirani. Ziwa takatifu lilikaushwa miaka ya 1920 na wachimbaji wa Kifaransa kwa sababu ya malaria, na katikati ya bonde lake kavu umepandwa mtende mmoja. Karibu yake wamejipanga simba wa marumaru waliotolewa na watu wa Naxos karne ya saba kabla ya Kristo, wembamba, vinywa wazi. Wanaosimama nje ni nakala.

Waongozaji wengi niliowasikia walikuwa wakieleza miungu. Mimi nilikaa zaidi kwenye viwanja vya biashara. Roma ilipoifanya Delos bandari isiyotoza ushuru, mwaka 166 kabla ya Kristo, kisiwa hicho kiligeuka soko kuu la watumwa, na mwanajiografia Strabo aliandika kwamba kiliweza kupokea na kusafirisha makumi ya maelfu kwa siku moja. Mtu aliyewahi kusimama Mkunazini, mahali ambapo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hawezi kutembea juu ya mawe yale na kuangalia sakafu za vigae vya rangi katika nyumba za wafanyabiashara bila kuuliza fedha zilitoka wapi. Mabango hayasemi vya kutosha kuhusu hilo, na hapo naipunguzia Delos alama. Kwa mengine yote inastahili siku nzima, pamoja na kofia na lita mbili za maji, kwa kuwa kivuli hakuna. Boti yangu ilitupa saa tatu tu, nayo haikutosha kufika kilele cha Kynthos chenye mita 112.

Siku ya kuhamia Santorini upepo ulikataa. Wagiriki huuita meltemi. Huvuma kutoka kaskazini kipindi cha kiangazi, na tofauti na kaskazi yetu inayoleta majahazi, huu huyafunga bandarini. Nilikuwa nimekata boti ya kasi. Ujumbe wa kufutwa kwa safari ulinifikia nikiwa tayari gatini, na katika ofisi ya kampuni hiyo nilisubiri saa mbili kwenye foleni kuambiwa nichague kurejeshewa fedha au kupanda chombo cha kesho. Upepo si kosa la mtu. Ukimya ndio ulionikera, kwa sababu meli kubwa ya polepole ya kampuni nyingine iliondoka jioni ileile na hakuna aliyetuambia. Mama mwenye nyumba alinipokea tena na sahani ya viazi.

Santorini inaingiza moyo mdomoni, sitaficha. Meli huingia ndani ya shimo la volkano lililojaa bahari, kuta nyekundu na nyeusi zimesimama pande zote, na miji imekaa juu ukingoni kama chumvi. Lakini hicho ndicho kisiwa nilichokilipia usiku tatu, kwa bei ambayo kila mmoja ungenitosha usiku tatu Naxos. Tangu 2025 abiria wa meli za kitalii wamewekewa kikomo cha 8,000 kwa siku, na idadi hiyo ni zaidi ya nusu ya wakazi wenyewe. Machweo ya Oia, kijiji cha ukingoni, niliyaona kupitia simu ya mtu aliyekuwa mbele yangu.

Kinachostahili usiku mmoja ni Akrotiri. Mji huo ulifunikwa na majivu ya mlipuko mkubwa takriban miaka 3,600 iliyopita, na mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuuchimba mwaka 1967. Sasa uko chini ya paa moja kubwa, na unatembea kwenye madaraja juu ya mitaa, ukitazama nyumba za ghorofa mbili na tatu, mitungi iliyopangwa dukani, mifereji ya maji machafu chini ya mawe ya njia. Maiti hawakupatikana, watu walikwisha kuondoka, wakarudi kidogo kusafisha kifusi, wakaondoka tena. Niliposoma hayo nilikumbuka kwamba Februari 2025, matetemeko madogo yasiyokoma yaliwaondoa kisiwani watu zaidi ya 10,000, na mhudumu wa mgahawa wangu alikuwa mmoja wao.

Huyo mhudumu ndiye aliyenilisha fava, ambayo si maharage bali ni mbegu ndogo za njano za jamii ya mbaazi, zilizoparazwa na kupikwa hadi zikawa rojo zito, zikatiwa mafuta na kitunguu kibichi. Nilinunua kilo moja kwenye duka la ushirika. Nilipofika Tanga mama aliionja mbichi, akaitia nazi na bizari, tukaila na wali, akauliza kama huko walikonitoza fedha zile hawana minazi.